Jezi Kumi na Tano za Bukima

Mpira wa kwanza maishani mwangu niliusikiliza, sikuuona. Baba alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke, na siku za Kombe la Dunia hakuna aliyeruhusiwa kuigusa wala kuongea karibu nayo. Mimi sikutaka kujua nani amefunga. Nilitaka kujua wamevaa nini.

"Baba, hao wamevaa rangi gani?"

"Bluu."

"Na wale wengine?"

"Bluu nyingine. Nyamaza."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mpira wa kimataifa unachezwa kati ya bluu na bluu nyingine, na nilihangaika sana kufikiria refa anawezaje kuzitofautisha. Baadaye magazeti yalipoanza kufika kwetu Makoko, kando ya mji wa Musoma, yakiwa yamefunga sukari au vitumbua, niliona picha, lakini zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Nilikuwa tayari nimeingia chuo kikuu, Dar es Salaam, nilipookota kwenye bweni letu la wasichana majarida ya rangi ya mtu aliyehama, nikagundua kwamba Brazili wanavaa njano. Nililia kidogo. Sijui kwa nini, na nimelifikiria jambo hilo kuliko linavyostahili.

Tangu hapo nikaanza daftari. Nilikata picha na kubandika, chini yake nikaandika nilichosoma. Kwamba Brazili walikuwa wakivaa nyeupe hadi walipofungwa nyumbani kwao kombe la mwaka hamsini, wakaiona nyeupe ina nuksi, wakaiacha. Kwamba Zaire walikwenda Ujerumani na kichwa cha chui kwenye duara kubwa kifuani, na hakuna timu iliyowahi kwenda kule na kifua kama kile. Kwamba Peru wana mkanda mwekundu unaotoka begani hadi kiunoni. Kwamba Ufaransa na Hungary walifika uwanjani kule Argentina wote na jezi nyeupe, ikabidi Wafaransa waazime jezi za mistari ya kijani za kilabu cha mji ule. Kisa hicho nilikipenda kuliko vyote. Kilinihakikishia kwamba hata wakubwa wa dunia huweza kusahau kuulizana.

Mwaka wa Kombe la Mexico, themanini na sita, nikamaliza masomo, nikarudi Makoko kusubiri kupangiwa kazi. Kusubiri hakunifai. Nikiachwa bila shughuli huanza kuchambua jinsi jirani alivyoitikia salamu yangu, na kufikia jioni nimeshajihukumu. Mama alichoka, akanipa sketi yake ya kupunguza kiuno na kuniambia niipeleke mjini kwa fundi, tena nisirudi haraka.

Fundi huyo alikuwa mzee wa kofia ya kushona kwa mkono, mwenye kibaraza karibu na soko la Musoma. Baba yake alitoka Tabora, mama yake alikuwa wa hapa ziwani, naye alikijua kila kiwiliwili cha mji. Alipokuwa akifumua kiuno cha mama, mimi nilifungua daftari langu. Akasimamisha cherehani.

"Lete nione hiyo."

Nilidhani ataniuliza nani ni nani. Hakuuliza. Aliinua miwani, akasogeza picha hadi puani, akaanza kuzisoma jezi kwa namna ambayo mimi sikuwahi kuziona. Akanionyesha kwamba zile za zamani zilikuwa na mkono ulioshonewa begani kama shati la kawaida, ndiyo maana kipa akiruka, jezi yote inapanda hadi kifuani. Kisha mahali fulani katikati ya daftari mkono ulianza kukatwa kutoka shingoni kwenda kwapani. "Hapa," akagonga ukurasa kwa kidole, "hapa alipatikana fundi aliyekwenda kutazama mpira." Alifika kwenye jezi ya Denmaki, ile iliyogawanywa katikati, nusu ina mistari myembamba na nusu haina, akaitazama muda mrefu. "Huyu alibakiza vitambaa viwili," alisema, "akakataa kutupa."

Kesho yake nikarudi bila sketi yoyote.

Miaka ya shida, alinieleza, ndiyo aliyoshona jezi nyingi zaidi. Kitambaa kilikuwa cha foleni kwenye duka la ushirika, wewe na namba yako ya kaya, na mara nyingi ukifika dirishani kimekwisha. Timu zikamletea magunia ya pamba yaliyokuja na unga wa msaada. Akayafua, akayapiga jua, akakata jezi. Maandishi mengine yaligoma kutoka.

"Kwa hiyo sisi tulikuwaga na maandishi kifuani zamani," alisema. "Hao wako wanayo?"

Nikamwambia timu za taifa kwenye Kombe la Dunia haziruhusiwi matangazo, ila alama ndogo tu ya kiwanda kilichoshona.

"Basi tuliwatangulia."

Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Mitumba, ambayo watu wazima bado waliiita kafa Ulaya, ilikuwa imejaa chini ya turubai kutoka sokoni hadi stendi, na aliyekuwa akija kwa fundi kushonesha shati sasa alikuja kupunguza shati la mtu wa Ulaya. Kilichobaki mikononi mwa mzee kama kazi ya kukata na kushona kwa ukamilifu kilikuwa jezi, kwa sababu moja tu: ndani ya robota la mitumba huwezi kupata mashati kumi na tano yanayofanana. Lakini mfanyabiashara mmoja wa Bunda alikuwa ameanza kuleta kutoka Nairobi jezi mpya za kung'aa, seti nzima, kila moja ndani ya nailoni yake.

Habari hiyo tuliletewa na mjomba wangu, mdogo wake mama. Alikuwa mvuvi na mkulima wa pamba kule Bukima, na mwenyekiti wa timu ya kijiji. Timu yake ilikuwa imefika fainali ya kombe la kata za mkoa, icheze na Nyamuswa, na uwanja uliochaguliwa ulikuwa wa shule ya Butiama ili asiwepo mwenyeji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa. Kumbe ndipo unapofichwa." Akamgeukia fundi. "Mzee wangu, kamati imegawanyika. Wengine wanataka zile za Bunda, za nailoni. Mimi nimesema tumpe fundi wetu mara hii. Lakini tukiaibika mbele za watu Butiama, mwakani sitakuwa na neno la kukutetea."

"Nimekusikia," fundi akasema.

Mjomba alipoondoka mzee hakurudi kwenye cherehani mara moja. Alifuta miwani kwa ncha ya kanzu. "Umesikia na wewe," alisema. "Nguo za watu zimeshakwenda. Jezi nazo zikienda, nafunga. Nitakwenda kwa dada yangu Tabora nikawe mzee wa kukalia mkeka."

Nilijitolea kuchora. Nilichora mifano kumi na mmoja. Kwenye mmoja niliweka kichwa cha chui kama cha Zaire, nikaogopa kwamba watu wa Bukima watauliza chui anahusiana nini na samaki. Kwenye mwingine nikaweka sato, akaonekana kama kiatu. Fundi aliipanga michoro yote kwenye meza ya kukatia, akauchagua wa mkanda, kama wa Peru, ila mkanda wa kijani juu ya marekani nyeupe, kile kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa na kiwanda cha hapa kwetu. Nilifurahi kwa sababu za historia. Yeye aliuchagua kwa sababu alikuwa na kijani kidogo, na mkanda haumalizi kitambaa.

Siku ya soko wachezaji wakaja, akawapima mmoja mmoja, kifua, bega, urefu wa mkono, mimi nikiandika. Alikuwa hashoni saizi. Alishona mtu. Winga wao alikuwa mwembamba kama ufito na golikipa alijaza mlango, na kila mmoja jezi yake ilikatwa kwa kipimo chake.

Ndipo tukafika kwenye namba. Mjomba alikuwa ameniachia orodha ya majina kumi na matano bila maelezo yoyote, ila aliponipa alilalamika kwamba vijana wawili wanagombania namba kumi hadi hawasalimiani, na mmoja ametishia kuhamia Nyamuswa. "Namba kumi itatuulia timu," alisema.

Jambo hilo lilinikalia kichwani siku mbili. Sikutaka nirudi kumuuliza mjomba, kwa kuwa kuuliza kungeonyesha kwamba nina wasiwasi, na nilikuwa nimejitangaza kama mtu anayejua. Nikafungua daftari. Nikaipata Argentina. Wao walipochukua kombe nyumbani kwao walikuwa wamegawa namba kwa kufuata alfabeti ya majina ya ukoo: golikipa alivaa tano, na kiungo akavaa moja. Hakuna upendeleo, hakuna ugomvi, ni alfabeti tu. Nikaona nimepata dawa.

Haikuwa dawa rahisi. Nusu ya timu majina yao yalianza na M. Nilipoteza asubuhi nzima nikijiuliza kama nifuate jina la ubatizo au la babu, na kama golikipa, ambaye kijiji kizima kinamwita kwa jina la utani ambalo halikuwa hata kwenye orodha, anahesabiwa kwa lipi. Hatimaye nikafuata la babu. Nikampelekea fundi.

Alisoma polepole. "Golikipa kumi na tano?"

"Ndivyo Argentina walivyofanya."

Mzee akanitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akachukua mkasi na kitambaa cheusi, akaanza kukata tarakimu. Alizishona kwa cherehani, mara mbili kuzunguka, zisichomoke hata kwa nguvu.

Lazima niseme hapa jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, hata mtoto anayepiga mpira wa makaratasi. Kwetu namba ni mahali pa kusimama. Hatusemi fulani ni beki wa kulia, tunasema anacheza namba mbili. Namba tano anazuia, namba sita anachezesha, namba tisa anafunga. Mtu akiulizwa kazi yake uwanjani anajibu kwa tarakimu. Mimi nililijua hilo tangu redio ya baba. Nililijua na sikulikumbuka, maana nilikuwa nimeshughulika mno na Argentina.

Tulikwenda Butiama kwa lori la pamba, fundi na mimi mbele na dereva, timu nyuma juu ya marobota matupu. Nyamuswa walikuwa wameshafika. Walikuwa wanapasha misuli katika jezi za njano za kutoka kwenye nailoni, zinameremeta kiasi kwamba watu walizitaja kabla hata ya kutaja wachezaji. Vijana wetu walizitazama, wakatufuata kwenye baraza la darasa ili wapewe zao.

Fundi alifungua furushi. Kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri. Mkanda wa kijani ulikaa sawa, weupe ulikuwa weupe, na mmoja akasema, "Mzee, hizi zinazifunika zile." Kisha winga mwembamba akageuza yake.

"Moja? Mimi nimekuwa golikipa?"

"Mimi nina mbili," akasema mshambuliaji wetu wa kati. "Nani ananirudisha beki siku ya fainali?"

Wakaanza kubadilishana. Ya golikipa, yenye kumi na tano, ilikuwa ya kijivu na ya mikono mirefu, isingevaliwa na mwingine, na wengine nao hawakuweza kubadilishana, kwa sababu mzee alishona mtu na siyo saizi. Namba tano wetu alijaribu ya winga, ikakwama mabegani, tukasikia uzi unalia. Akavuliwa na wenzake wawili, mmoja kila mkono.

Mjomba alikuja mbio. "Fundi, ni nini hii?"

Na nyuma yake mjumbe wa kamati, mmoja wa wale wa nailoni, akasema kwa sauti ya kuhurumia, "Mzee macho yamechoka. Tulisema. Siyo kosa lake, ni umri."

Fundi aliangalia chini. "Makosa ya fundi," alisema. "Yatarekebishwa."

Hakunitazama hata kidogo. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenitazama.

Nilikuwa nafikiria kwamba nikisema sasa, mjomba ataaibika kwa sababu ya mpwa wake. Kwamba nisiposema, mzee atakwenda Tabora. Kwamba labda niseme baada ya mechi, kwa utulivu, na vielelezo. Kwamba labda nimuombe mjomba pembeni. Nilipanga maneno, nikayapangua. Wakati huo wote mzee alikuwa ameshaketi kwenye ngazi, ametoa wembe, anakata uzi wa ile namba moja. Nikasikia sauti yangu inatoka kabla sijamaliza kupanga.

"Ni mimi, mjomba. Fundi aliniuliza. Mimi ndiye niliyeandika hizo namba."

"Wewe?"

"Kwa alfabeti, kama Argentina. Ili namba kumi isigombaniwe."

Mmoja wa wale wawili wasiosalimiana akasema, "Kumi amepewa beki wa kushoto. Kweli haigombaniwi." Na yule mwenzake akacheka, na hilo lilikuwa neno la kwanza kati yao kwa wiki kadhaa.

Golikipa akanisogelea. Alikuwa mpole, jambo lililonitia hofu zaidi. "Dada, hao Argentina walichukua kombe?"

"Walichukua."

"Golikipa wao alikuwaga namba ngapi?"

"Tano."

"Tano ningekubali. Ila kumi na tano, mama yangu yuko pale chini ya ule ukuta. Ataona nimewekwa wa akiba, na ametembea hadi hapa."

Mjomba alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyokosewa anwani. Kisha akamgeukia yule mjumbe. "Umesikia. Mzee hakukosea. Aliyekosea ni wa kwangu." Akakunja mikono ya shati. "Fundi, tunafanyaje?"

Mzee akajibu kama aliyeulizwa bei ya pindo. Kufumua hakuchukui muda, alisema, kinachochukua muda ni kushona. Kwa hiyo zitashikizwa kwa mkono, mishono mirefu, pembe zote za tarakimu. Matundu ya cherehani yataonekana kwa aliye karibu. Kwa aliye mbali hayataonekana.

Tulishona wanne: mzee, mimi, na akina mama wawili waliokuwa wakiuza karanga pembeni ya uwanja. Mmoja alitazama mshono wangu mara moja akaninyang'anya sindano. "Wewe soma majina," akasema. Nikasoma, si majina, bali mahali: huyu anazuia kulia, huyu anafunga, huyu ana mama pale ukutani. Kumi walimpa mkubwa kati ya wale wawili na mdogo akachukua nane. Naamini walikuwa wamechoka kununiana. Refa alipopuliza filimbi ya kuita timu, kulikuwa na jezi mbili bado mapajani mwetu. Zilivaliwa sindano ikiwa ndani ya moja, na mzee akaitoa mgongoni mwa kijana akiwa anatembea.

Tulifungwa mbili kwa moja. Ningependa kusema vinginevyo.

Lakini kipindi cha pili jambo fulani likatokea, na nililiona mapema kwa sababu mimi sikutazama mpira, nilitazama migongo. Jezi za Nyamuswa zilitoka kwenye nailoni bila namba, nao walikuwa wamezibandika kwa plasta ya hospitali. Jasho na vumbi vikaingia chini ya plasta. Saba ikaanza kuwa moja. Nne ikaanguka katikati ya uwanja na kukanyagwa. Mchezaji wao mmoja alipomkwatua winga wetu, refa alitoa kalamu, akamgeuza, akakuta mgongo wa njano mtupu.

"Andika mgongo," mtu akapaza sauti kutoka kwa watazamaji. "Andika: mgongo wa tano kutoka kulia."

Hata Nyamuswa walicheka. Na namba zetu nyeusi, pamoja na matundu yake, zilibaki mahali pake hadi mwisho, zote kumi na moja.

Baada ya kombe kukabidhiwa, kiongozi wa Nyamuswa alikuja hadi kwenye ngazi za darasa, akamsalimia mzee kwa heshima, akapitisha kidole juu ya tarakimu ya golikipa wetu. "Mzee wangu, unapatikana wapi?"

"Musoma, sokoni. Uliza fundi wa jezi."

Mjomba alisikia. Sikujua kama ameridhika au anasikia wivu.

Nilitamani mambo yaishie hapo, na kwa siku kadhaa niliamini yameishia hapo, kwamba marekani imeshinda nailoni. Haikushinda. Msimu uliofuata kamati ya Bukima ilipiga kura, na mjomba hakuwa na watu wa kutosha. Wakanunua za Bunda. Nilikasirika kwa niaba ya mzee, nikapanga kwenda kumfariji, nikatunga hata sentensi ya kwanza.

Nilimkuta kibarazani nyuma ya mrundo wa jezi za kung'aa, za bluu hizo za Bukima na za njano za Nyamuswa, na nyingine nyekundu za timu ya Bunda nisiyoijua. Wote walikuwa wamemletea awatilie namba. Mjomba alikuwa ameketi kwenye benchi na karatasi, na kwenye karatasi hakukuwa na jina hata moja, ni namba na vipimo tu.

Nikasema sentensi yangu ya kumfariji. Mzee akanisikiliza hadi mwisho.

"Kukata ningependa kukata," akasema. "Sikudanganyi." Akainua jezi moja ya bluu na kuiweka juu ya kifua cha winga mwembamba, ambaye alikuwa ameletwa apimwe. Mabega yaliangukia kwenye viwiko. Mzee aliivuta huku, akaivuta kule, akakunja ubavu kwa vidole viwili na kupachika pini.

"Aliyeshona hii," akasema, "hakumwona huyu kijana."

Akanyoosha mkono bila kugeuka, nami nikampa wembe, akaanza kufumua kuanzia kwapani.